Black Dougal na sindano ya sumu: kumbukumbu ya mhusika mwenye nuksi

Black Dougal alikufa mwaka 1981, na kifo chake kilichukua mistari michache tu karibu na mwisho wa kitabu cha kurasa 64. Kitabu chenyewe ni kanuni za mwanzo za mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo lililohaririwa na Tom Moldvay. Dougal alikuwa mwizi. Alikagua kisanduku, hakuona mtego, akakifungua. Kumbe mlikuwa na sindano ndogo ya sumu. Dadu ikatupwa, ikamkataa, akaanguka sakafuni. Mpaka leo wapenzi wa kanuni zile za zamani wanamtaja kwa jina, ilhali mashujaa wengi waliochorwa kwenye majalada ya vitabu vya enzi hiyo hawakupewa hata jina.

Mimi ni mwalimu wa takwimu, na jioni nyingi za wikendi husimamia meza ya michezo ya namna hii. Mkasa wa Dougal nimeusoma mpaka naujua kwa kichwa, na bado nampenda kuliko mhusika yeyote aliyeishi maisha marefu na kujenga ngome. Watu husema alikuwa na bahati mbaya. Mimi nasema dadu haikumwonea hata kidogo. Nuksi ya Dougal iliandikwa kwenye majedwali ya kitabu kabla hajashika kile kisanduku, na anayetaka kumkumbuka kwa haki inambidi azisome namba zake.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza hii, mambo huenda hivi. Watu wachache hukusanyika. Mmoja ni msimamizi: ndiye mwenye ramani, ndiye anayejua kilicho nyuma ya mlango, na ndiye anayewasemea viumbe wote wasio na mchezaji. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, ameandikwa kwenye karatasi: nguvu, akili, wepesi, siha, na pointi za uhai zinazoonyesha atavumilia mapigo kiasi gani. Mchezaji hueleza mhusika wake anafanya nini. Jambo likiwa laweza kwenda huku au kule, hutupwa dadu. Dadu zenyewe si hizi za nyuso 6 tu tunazozijua kwenye ludo. Ziko za nyuso 4, 8, 12 na 20, na ile ya 20 ndiyo hakimu mkuu. Mchezo huu ulitoka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na ulichapishwa katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Arneson na wenzake wa Minnesota walikuwa wameshaanza miaka michache kabla ya hapo, wakitangatanga katika mahandaki ya nchi ya kubuni iitwayo Blackmoor.

Kitabu cha Moldvay kilitaka kumwonyesha msomaji mgeni jinsi mazungumzo ya mezani yanavyosikika, kwa hiyo kikaandika mfano wa mchezo, neno kwa neno. Kundi lina watu 5. Msemaji wao ni Morgan Ironwolf, mpiganaji. Kuna Silverleaf, elfi, kiumbe wa hadithi anayejua uchawi na upanga pia, Fredrik, kibeti, Sister Rebecca, kasisi, na Dougal wetu. Wanakutana na hobgobilini, mazimwi ya vita. Silverleaf anawaamkia kwa maneno matamu, na wanapomfukuza anawajibu kwamba wasiwe na shaka, wametumwa na Gary. Hawamwamini. Anawalaza usingizi kwa uchawi, na hapo Sister Rebecca anakataa katakata mateka waliolala kuchinjwa. Nakitaja kipande hiki kwa sababu kinaonyesha kundi lenye maadili: watu wanaobishana juu ya uhai wa adui.

Kisha wanapekua. Dougal anasema atakikagua kisanduku kama kina mtego. Msimamizi anatupa dadu yake, Dougal haoni kitu. Baadaye msimamizi anamfahamisha kwamba kuna sindano ya sumu aliyoikosa, na anamwomba atupe dadu ya kujinusuru. Anatupa. Anakosa. Dougal anatamka neno moja, sumu, na kuanguka. Anaonekana amekufa.

Na hapo Fredrik, bila kuvuta pumzi, anasema anauchukua mkoba wa marehemu apate kubebea hazina.

Kufa kufaana, basi. Kwa miaka mingi wasomaji wengi wamekuwa wakicheka sentensi ile, na inachekesha kweli. Lakini mimi naiona ni sentensi ya kweli kuliko zote katika kitabu kizima. Kundi liko chini ya ardhi. Mienge ina muda wake wa kuwaka. Kanuni zinahesabu dakika zake. Sarafu zina uzito, na mizigo inapunguza mwendo. Mkoba wa marehemu ni chombo cha kazi. Bila shaka aliyeandika mfano huu aliwahi kukaa mezani, akasikia mtu akisema maneno hayo hayo huku mchezaji wa aliyekufa bado ameshika dadu mkononi. Tangu nilipoanza kusimamia meza yetu tuna desturi iliyotokana na Fredrik: kabla ya kushuka mahandakini kila mchezaji anaandika nyuma ya karatasi yake nani atarithi mkoba. Tunauita wosia. Umeondoa ugomvi mwingi.

Sasa tuingie kwenye majedwali, maana ndiko aliko Dougal mwenyewe.

Katika kanuni zile, mwizi wa ngazi ya kwanza, yaani anayeanza tu, ana nafasi ya asilimia 10 ya kuona mtego. Ngazi ya pili ni asilimia 15, ya tatu ni 20, na kitabu hicho kinaishia ngazi ya tatu. Akiuona, kuuondoa ni jaribio jingine, kwa asilimia ile ile. Dadu ya kuutafuta huitupa msimamizi kwa siri. Hilo jambo dogo ndilo lililomuua. Msimamizi akisema huoni mtego, maneno hayo yana maana mbili: kwamba mtego haupo, au upo na umekupita. Mwizi hana njia ya kuzitenganisha.

Wanafunzi wangu huwapa hesabu hii. Chukua visanduku ambavyo nusu vina mitego. Mwizi wa ngazi ya kwanza anakagua kimoja na kuambiwa haoni kitu. Uwezekano kwamba kina mtego sasa ni kiasi gani? Darasa zima husema umeshuka sana, kwa kuwa mtaalamu amekagua. Jibu ni asilimia 47. Ulikuwa 50, ukaguzi umeushusha kwa pointi zisizofika 3. Hata mwizi wa ngazi ya tatu, mkongwe wa kitabu kile, anaushusha hadi 44 tu. Dougal alikikagua kisanduku kama mtaalamu anavyopaswa, akapata jibu, na jibu lile halikuwa na thamani ya kitu chochote. Lakini lilimpa ujasiri wa kufungua.

Tuendelee. Mtego wa sumu unapomfyatukia, mwizi anatupa dadu ya nyuso 20 na anahitaji kupata 13 au zaidi. Hiyo ni nyuso 8 kati ya 20, yaani asilimia 40. Akikosa hapunguziwi pointi za uhai, anakufa. Zidisha: asilimia 90 ya kutoona mtego, mara asilimia 60 ya kushindwa kujinusuru, ni asilimia 54. Mwizi mpya anayefungua kisanduku chenye sindano ya sumu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kuliko kupona. Akikutana na vitatu vya namna hiyo, nafasi ya kubaki hai baada ya vyote haifiki asilimia 10.

Mlinganishe na yule mrithi wake. Kibeti anajinusuru na sumu kwa 8 au zaidi, yaani asilimia 65. Kasisi anahitaji 11, asilimia 50. Na kuna jambo ambalo wasomaji wa kanuni hizi wamekuwa wakibishania tangu zilipotoka: mahali pengine kitabu kinasema mhusika yeyote akitafuta mtego mahali sahihi ana nafasi 1 kati ya 6 ya kuuona, na kibeti ana 2 kati ya 6. Ukiyasoma maneno hayo kwa ukali, hata asiyesomea wizi ana karibu asilimia 17, zaidi kuliko mwizi mwenye 10. Wengi wetu tunayachukua kuwa yanahusu mitego mikubwa ya vyumba na sakafu, siyo sindano ndani ya kitasa, nami ndivyo ninavyosimamia. Lakini kama ungewapa vibeti ruhusa hiyo kwa kisanduku, Fredrik angekuwa na nafasi ya kufa ya asilimia 23 hivi pale ambapo Dougal alikuwa na 54. Mtu aliyefaa kufungua kisanduku alisimama pembeni akingoja mkoba.

Wahenga walisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kwa Dougal haikuwa miti yote. Ilikuwa miwili, macho yake na mwili wake, na kila aliyelisoma jedwali angeweza kumwambia mapema kwamba yote miwili imepakwa mafuta.

Kwa nini basi yeye ndiye aliyefungua? Hapa kuna historia kidogo, na ni sehemu ya hadithi ninayoipenda sana. Mchezo ulipotoka 1974 haukuwa na mwizi. Kulikuwa na wapiganaji, wachawi na makasisi. Mwizi aliingia 1975, katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk. Pasipo mwizi, mtego ni tatizo la watu wote: mnamwuliza msimamizi maswali, mnapapasa kwa fimbo, mnamwaga maji muone yanakoelekea. Mwizi akishaingia na asilimia zake, kazi hiyo inapata mwenyewe, na wengine wanarudi nyuma hatua tatu. Namba 10 kwenye karatasi inaonekana kama ujuzi kwa sababu wengine hawana namba yoyote. Asiye na namba anauliza maswali. Mwenye namba anatupa dadu.

Tena kisanduku ndicho chakula cha mwizi. Katika kanuni hizi pointi za uzoefu hutoka zaidi kwenye hazina, si kwenye kuua: sarafu 1 ya dhahabu iliyofikishwa juu salama ni pointi 1. Asiyefungua visanduku hapandi ngazi. Kanuni zilimpa mwizi fidia moja tu, nayo ni kupanda haraka: alihitaji pointi 1,200 kufika ngazi ya pili, wakati mpiganaji alihitaji 2,000, kibeti 2,200, mchawi 2,500 na elfi 4,000. Alilipwa mapema kwa sababu hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Pointi zake za uhai alizipata kwa dadu ya nyuso 4, sawa na mchawi, kwa hiyo hata bila sumu pigo moja la upanga lilimtosha.

Na Sister Rebecca hangeweza kumsaidia. Nimeulizwa hili na wachezaji wapya zaidi ya swali lolote jingine. Sala ya kuponya majeraha iliyomo katika kitabu kile inarudisha pointi chache za uhai au inaondoa kupooza, lakini si tiba ya sumu. Dua ya kuzima sumu na ile ya kufufua wafu zimo katika kitabu kilichofuata, kilichoandaliwa na David Cook na Steve Marsh mwaka huo huo wa 1981, na ya kufufua inamhitaji kasisi wa ngazi ya 7. Ndani ya majalada ya kitabu alichoishi Dougal, dawa yake haikuwa imeandikwa.

Wapo watakaoniambia kwamba mwenye nuksi halisi ni Aleena. Aleena ni kasisi wa toleo la 1983, lile la sanduku jekundu lililoandikwa upya na Frank Mentzer, jalada likachorwa na Larry Elmore. Humo msomaji anafundishwa mchezo kwa hadithi anayoicheza peke yake: wewe ni mpiganaji, unaingia pangoni, unajeruhiwa, unakutana na Aleena. Anakutibu. Anakueleza dunia inavyokwenda. Mnatembea pamoja, anawafukuza wafu waliofufuka kwa nguvu ya imani yake. Kisha anatokea Bargle, mchawi, anafyatua mshale wa nuru, na Aleena anakufa. Kizazi kizima cha wachezaji wa Marekani na Uingereza kilijifunza kumchukia Bargle kabla ya kujifunza kanuni za silaha.

Nami niliumia kumsoma. Ila Aleena hakukosa bahati. Hakuna dadu iliyotupwa kwa ajili yake. Msomaji anatupa dadu ya kujinusuru na uchawi wa Bargle, na hadithi inagawanyika: ukifaulu unamuua, ukishindwa anakuteka akili. Katika njia zote mbili Aleena yuko chini. Kifo chake kiliamuliwa na mwandishi kwenye dawati, na nafasi yake ya kupona ilikuwa sifuri tangu neno la kwanza. Hilo ni msiba. Nuksi ni kitu kingine. Ili mhusika awe na nuksi sharti angeweza kupona. Dougal alikuwa na nyuso zake 8 kati ya 20. Kuna meza, mahali fulani, ambapo mwizi kama yeye alitupa 13, akapangusa jasho, akafungua kisanduku na kugawana dhahabu na Fredrik. Ndiyo maana kifo chake kinauma kwa namna ya pekee: kinaacha nyuma yake maisha ambayo yalikuwa karibu kabisa.

Kama unataka kuona nuksi iliyokithiri, tazama Traveller, mchezo wa safari za anga ulioandikwa na Marc Miller na kutoka 1977. Humo unatengeneza mhusika kwa kumpitisha katika ajira, vipindi vya miaka minne minne, na kila kipindi unatupa dadu mbili kuona kama kazi haikumuua. Skauti wa anga alihitaji jumla ya 7 au zaidi, nafasi ya asilimia 58. Ukitaka skauti mwenye uzoefu wa vipindi vitatu, na hana siha ya kumwongezea pointi, unamfikisha hai mara 1 tu kati ya majaribio 5 hivi. Waliobaki wanakufa kabla mchezo haujaanza, karatasi bado haina hata jina. Napenda ukali wa kanuni hiyo, maana ukimpata skauti mzee unamheshimu. Lakini hao waliokufa njiani hakuna anayewakumbuka. Kufa mbele ya wenzako ndiko kunakokufanya ukumbukwe.

Kuna nuksi ya aina nyingine ambayo haimo vitabuni, nayo huzuka kwenye kila meza. Ni yule mchezaji ambaye dadu yake haimtendei wema. Wenzake wanaanza kumwambia asiiguse dadu yao. Anabadilisha dadu, anahama kiti. Niliwahi kuona dadu imetupwa nje ya dirisha. Hapa takwimu zina la kusema, na ni jambo la upole. Chukua watu 5, kila mmoja anatupa dadu ya nyuso 20 mara 20 katika jioni moja. Uwezekano wa mtu mmoja aliyechaguliwa mapema kupata 1 mara tatu au zaidi ni kama asilimia 7.5. Ni jambo adimu, na likimtokea mtu ataapa kwamba amerogwa. Lakini uwezekano wa angalau mmoja wa hao watano kupatwa nalo ni asilimia 32. Yaani karibu kila jioni ya tatu, meza itakuwa na mwenye nuksi wake. Mwenye nuksi hana budi kuwepo. Kisichojulikana ni nani. Akishapatikana, kila 1 ya baadaye inaongezwa kwenye hadithi yake, na kila 19 inasahaulika.

Wakati mwingine dadu yenyewe ina kasoro, hilo nalikubali. Dadu zilizofungwa ndani ya masanduku ya mwanzo zilikuwa za plastiki laini, pembe zikilika kwa matumizi, na namba hazikupakwa rangi: mnunuzi alipewa kipande cha krayoni azijazie mwenyewe. Dadu iliyolika mviringo hairudii hesabu za kitabuni. Siku hizi watu huzijaribu dadu zao kwa kuzielesha ndani ya maji ya chumvi nyingi na kuzichezesha: uso ule ule ukirudi juu kila mara, uzito umelalia upande mmoja. Ni jaribio zuri la kufanya na watoto. Ila katika dadu nilizowahi kuletewa kwa malalamiko, tatizo nimelikuta mara nyingi kwenye kumbukumbu ya mtu, si kwenye plastiki.

Tangu 1981 kanuni zimelegea. Katika toleo la 2014, mhusika anayeishiwa pointi za uhai hafi papo hapo. Kila zamu anatupa dadu ya nyuso 20: 10 au zaidi ni ushindi, chini ya hapo ni kushindwa, na upande utakaotangulia kufika tatu ndio unaamua. Ukipata 1 unahesabiwa umeshindwa mara mbili. Ukipata 20 unainuka na pointi 1 ya uhai. Nimeipitia hesabu yote hatua kwa hatua: aliyeachwa peke yake sakafuni, bila wa kumsaidia, anakufa kwa asilimia 40 na nusu hivi. Dougal, akishachomwa, alikuwa na 60. Na tofauti kubwa haimo hata kwenye asilimia. Imo kwenye muda. Kati ya dadu moja na nyingine wenzako wana zamu zao. Mtu anaweza kukimbia, kupiga magoti, kukutia dawa mdomoni. Kanuni mpya zimempa Fredrik jambo jingine la kufanya kabla ya kuushika mkoba.

Je, ni bora? Kwa wengi, ndiyo, na ninaposimamia watu wanaotaka hadithi ndefu ya miezi mingi natumia kanuni mpya bila kusita. Mtu aliyemwandikia mhusika wake ukoo na nasaba haifai apoteze vyote kwa dadu moja jioni ya kwanza. Lakini kitu kimepotea pia. Ukijua una nafasi tatu na marafiki wanne, unakifungua kisanduku. Sindano inakuwa gharama, kama nauli. Mbele ya sindano ya 1981 watu walikuwa wakisimama na kufikiri.

Kwa hiyo kwenye meza yangu ya kanuni za zamani nimeiacha sumu iue, na nimebadilisha vitu viwili. Kwanza, dadu ya mwizi hutupwa mwisho. Mchezaji anaanza kwa kunieleza anatazama wapi na anagusa nini: anamulika tundu la kufuli, ananusa, anapitisha waya. Akitaja mahali ilipo sindano, ameiona, hata kama karatasi yake inasema asilimia 10. Asilimia ni kwa yale ambayo hakuyafikiria. Pili, dalili lazima iwepo. Panya aliyekauka kando ya kisanduku, kutu inayong'aa kwa mafuta, mwizi mwingine aliyetangulia, mifupa ya mkono wake bado imeelekea kitasani. Bila dalili nakuwa nawapigisha bahati nasibu tu. Wasimamizi wenzangu wanaoshika kanuni neno kwa neno huniambia nimemwua mwizi kwa kumfanya asiwe wa lazima. Sikubaliani nao. Wanaocheza wezi kwangu wanaishi zaidi, na wakifa wanajua kwa nini.

Siku moja msichana wa kidato cha nne alicheza mwizi kwa mara ya kwanza. Karatasi yake ilikuwa na pointi 2 za uhai. Walifika kwenye kisanduku juu ya jiwe, na wenzake, kama kawaida, wakarudi nyuma. Mmoja, kijana mkubwa kuliko wote, akamwambia, "Haya dada, kazi yako hiyo, fungua." Akaniuliza mifupa iliyo pembeni imelalia upande gani. Nikamjibu. Akauliza kisanduku kimegongomewa kwenye jiwe au kimewekwa tu. Kimewekwa tu, nikasema.

"Basi Mwalimu, mimi sikifungui. Nakifunga kamba, nakiburuta mpaka nje, halafu yeye mwenye mabavu akipasue kwa shoka kutokea nyuma."

Kijana alilalamika kwamba kuburuta kunapiga kelele. Ni kweli, nilitupa dadu ya viumbe wa kuzurura, na nge wakubwa wakatoka. Walipigana nao kwenye ngazi, wakashinda kwa shida, wakakipasua kisanduku kwenye mwanga wa jua. Sindano ilichoma hewa. Chupa moja ya dawa ilivunjika ndani, dhahabu ikasalimika, na mwizi wa pointi 2 akapata pointi za uzoefu za kutosha kupanda ngazi ya pili, wa kwanza katika kundi lile. Alipandisha namba yake ya mitego kutoka 10 hadi 15, akaitazama, kisha akaniuliza kama kamba nyingine inapatikana mjini na inauzwa kiasi gani.